Kufuata mzigo Kariakoo: mwongozo kamili kwa mwenye duka dogo la nguo Dodoma

Ingia kwenye fremu nyingi za nguo hapa Dodoma miezi sita baada ya kufunguliwa, utakuta hali ileile: henga zimejaa, droo haina kitu. Mwenye duka atakwambia biashara ni ngumu. Ukiziangalia hizo henga vizuri unaona jambo jingine. Zimebaki saizi ndogo. Zimebaki rangi za njano na kijani kikali. Yamebaki magauni ya sherehe wakati wanaoingia wanaulizia nguo za kazini. Mtaji umegeuka nguo, na nguo zimedoda.

Kosa hili hutokea siku ya kununua, na mara nyingi hutokea kabla yake, nyumbani, pale mtu anapopanga safari bila kupanga orodha. Mwongozo huu ni wa mwenye mtaji wa kati ya milioni moja na milioni tano, anayechukua nguo mpya kwa jumla Kariakoo, soko kubwa la Dar es Salaam, na kuuza rejareja Dodoma. Bei zilizomo humu ni mifano ya kukufundisha hesabu. Bei halisi utaikuta sokoni.

## Andaa hivi kabla ya yote

- Daftari la mauzo la wiki nne zilizopita. Kama duka ni jipya, andaa daftari la maulizo (nitaeleza hatua ya 2).
- Tepu ya fundi cherehani.
- Kipande cha kitambaa cheupe cha pamba na kichupa kidogo cha maji.
- Namba yako ya mlipakodi (TIN) na jina la biashara kama lilivyosajiliwa, vimeandikwa kwenye karatasi.
- Simu yenye chaji na pawabenki.
- Fedha ya mzigo ikiwa benki au kwenye simu. Mfukoni beba ya nauli, chakula na kuli tu.
- Viroba vikubwa vitatu, mifuko ya nailoni, kamba na maka peni.

Tepu na kitambaa cheupe watu huvipuuza. Usiviache. Hivyo viwili vitakuokolea fedha nyingi kuliko kubishana bei.

## Hatua ya 1: Jua anayeingia dukani kwako

Dodoma ina wateja wa aina nyingi, na duka dogo haliwezi kuwalisha wote. Mtumishi wa serikali anayeshinda Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, anataka gauni la heshima linalofika chini ya goti, suruali ya kitambaa, blauzi isiyoonyesha ndani. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) au wa Chuo cha Mipango anataka jinzi, topu na nguo ya picha, na bei yake ina mwisho. Mama anayetoka Kondoa, Mpwapwa au Chamwino kuja mjini siku moja anataka kitu cha kudumu: dera, kitenge, nguo za watoto.

Chagua mmoja awe mteja wako mkuu. Mwingine anaweza kuwa wa pembeni. Ukijaribu kuwashika wote watatu kwa milioni mbili, kila mmoja atakuta nguo tano zinazomhusu, atazipitisha mkononi, ataondoka.

Kisha tazama kalenda ya mji huu, maana haifanani na ya Dar. Bunge la bajeti huanza Aprili na kuisha mwisho wa Juni, na kipindi hicho mji unajaa wageni wa kikazi. Mishahara ya serikali hutoka tarehe za ishirini na kitu, kwa hiyo mzigo mpya uwe dukani kabla ya hapo, si baada. Juni na Julai asubuhi kuna baridi na upepo. Sweta na jaketi nyepesi zinatoka hapa wakati mfanyabiashara wa Dar hana habari nazo, na ndio wakati wa kuzipata kwake kwa bei nzuri. Januari ni ya ada na sare za shule. Usilete mzigo mkubwa Januari.

Upepo wa Dodoma unabeba vumbi. Suruali nyeupe inayopendeza Kariakoo, hapa mteja anaiwazia safari ya kutoka kituo cha daladala hadi ofisini. Nunua chache.

## Hatua ya 2: Acha daftari liandike orodha

Hapa ndipo safari inapofaulu au kuharibika. Chukua daftari, chora safu nne: aina ya nguo, ngapi zimeuzwa kwa wiki, ngapi zipo, ngapi wateja waliulizia zikakosekana. Jaza kwa kila aina, na kwa kila aina andika saizi.

Hesabu ni hii: zidisha mauzo ya wiki kwa idadi ya wiki hadi safari ijayo, kisha toa zilizopo.

Mfano: magauni ya ofisini yanatoka matano kwa wiki. Safari ijayo ni baada ya wiki nne. Unahitaji 20. Dukani yapo sita. Nunua 14. Mtu asiye na daftari atachukua dazani mbili kwa sababu bei ya dazani ilikuwa tamu, na yale kumi ya ziada ndiyo atakayoyapunguzia bei miezi mitatu baadaye.

Safu ya maulizo ina thamani kubwa kuliko inavyoonekana. Mteja akisema "Dada, mna suruali za kitambaa saizi kubwa?" na wewe ukajibu "Zimeisha", hiyo ni sauti ya mtu aliyekuja na fedha. Iandike palepale. Kama duka ni jipya na hakuna mauzo ya kuhesabu, kaa wiki mbili ukiandika maulizo, na tembelea maduka ya jirani uone nguo gani zinapungua kwenye henga zao kutoka Jumatatu hadi Jumamosi.

Kazi hii imekamilika pale orodha yako inaposomeka hivi: "gauni la ofisini, rangi nyeusi na bluu ya bahari, L nne, XL sita, XXL nne." Ikisomeka "magauni mazuri", bado hujawa tayari kusafiri.

## Hatua ya 3: Gawanya fedha kabla hujaipeleka sokoni

Kariakoo inashawishi. Kila mlango una kitu kinachong'aa. Ukifika na fedha isiyogawanywa, soko litakugawia.

Tuseme una shilingi 2,000,000. Tenga 180,000 za safari na kusafirisha. Tenga 320,000 zisiguswe kabisa. Hizo ni za kuongeza nguo itakayokimbia kabla ya safari nyingine. Zinabaki 1,500,000 za mzigo, na hizo zigawe hivi:

- Asilimia 60, yaani 900,000, kwa nguo ambazo daftari limethibitisha kwamba zinatoka.
- Asilimia 25, yaani 375,000, kwa nguo za aina hiyohiyo lakini rangi au mshono mpya, ili mteja wa kila mwezi asikute yaleyale.
- Asilimia 15, yaani 225,000, kwa majaribio.

Hiyo 225,000 ndiyo fedha ya macho yako na mapenzi yako. Ukipenda kitu kisichokuwepo kwenye orodha, kinatoka humo tu. Humo mkiisha, umemaliza kupenda kwa safari hiyo. Na nguo ya majaribio chukua tatu au nne, usichukue dazani, hata kama bei ya pisi inapanda kidogo.

## Hatua ya 4: Pima kama safari yenyewe ina maana

Chukua gharama ya safari uigawe kwa mzigo. Shilingi 180,000 juu ya mzigo wa 1,500,000 ni asilimia 12: gauni la 14,000 linakufikia kwa 15,680. Inabebeka. Lakini safari hiyohiyo kwa mzigo wa 400,000 ni asilimia 45, na gauni lilelile linakuwa 20,300. Hapo maduka ya jumla ya hapa mjini, hata yakikuongezea elfu mbili kwa pisi, yanakupa nafuu.

Kwa hiyo mzigo mdogo chukua Dodoma, au uagize kwa muuzaji unayemfahamu. Safiri ukiwa na mzigo wa maana.

Wengi huuliza kuhusu China. Ushauri wangu: subiri. Ukiagiza Guangzhou unalipa kwanza, unapokea kwa njia ya bahari baada ya zaidi ya mwezi, unachukua idadi kubwa ya mshono mmoja, na saizi ikikosewa hakuna wa kumrudishia. Mtaji wa milioni mbili ukilala namna hiyo, kodi ya fremu itakukuta mikono mitupu. Agiza nje pale daftari litakapoonyesha nguo moja unayoiuza kwa wingi mwezi baada ya mwezi.

Mitumba nayo ni kazi ya namna yake. Belo la kilo 45 lililofungwa hulioni ndani. Lebo inakwambia aina ya nguo, haikwambii hali yake. Kama unataka mitumba ya gredi ya kwanza dukani, anza kwa kuchagua pisi moja moja siku ya kufungua belo, Ilala au hapa Dodoma. Kununua belo zima kuje baadaye.

## Hatua ya 5: Fika mapema, zunguka bila kununua

Treni ya reli ya kisasa (SGR), iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024, imerahisisha safari: inakushusha katikati ya jiji, karibu na Kariakoo. Basi la kutoka stendi ya Nanenane linaishia Mbezi kwenye stendi ya Magufuli, na bado una mwendo wa kuingia mjini. Kwenda, treni ni bora. Kurudi na mzigo ni habari nyingine, kwa sababu treni ina ukomo wa mzigo wa abiria. Soma masharti ya tiketi.

Chagua siku ya katikati ya wiki, uwe sokoni maduka yanapofunguliwa. Asubuhi muuzaji ana muda wa kukufungulia pakiti. Saa nane mchana, watu wakiwa wamejaa Mtaa wa Congo, hakuna atakayekuvumilia na tepu yako.

Mzunguko wa kwanza ni wa kutazama. Saa mbili nzima, usinunue chochote. Kwa kila kitu cha kwenye orodha, andika maduka matatu: jina au namba ya duka, ghorofa, bei ya dazani, bei ya nusu dazani. Maduka ya barabarani hulipia nafasi yao. Panda ghorofani na ingia ndani kabisa ya majengo, mara nyingi nguo ileile iko huko kwa bei ya chini.

Kuhusu mawinga. Winga ni kijana au dada anayesimama nje, anakupokea kwa maneno mazuri, anakupeleka dukani na kuchukua cha juu. Wengi ni watafutaji wa kweli wanaojua soko kuliko ramani yoyote. Lakini cha juu chake kinatoka mfukoni mwako, na ukinunua pisi 60 kupitia kwake umelipa mara 60. Ukihitaji mwenyeji, patana naye malipo ya siku kabla hamjaanza kutembea, na bei ya nguo uiulize wewe mwenyewe kwa mwenye duka.

Duka la jumla la kweli lina dalili zake: nguo ileile iko kwa wingi na kwa rangi nyingi, bei ya dazani inatajwa bila kutazamana machoni na mtu wa mlangoni, risiti inatoka kwa jina la duka hilo, na ukiuliza "Nikikuta mbovu nitabadilisha?" unapata jibu lililonyooka. Mtu anayesema "Subiri nikakuletee stoo" kwa kila unachoomba, huyo anakwenda kununua kwa mwingine.

## Hatua ya 6: Kagua nguo kwa mkono

Nguo iliyovalishwa sanamu imechaguliwa. Utakayobeba iko ndani ya pakiti. Omba pakiti ifunguliwe, na ukague hivi, kwa mpangilio huu:

Mshono. Geuza nguo ndani nje. Vuta mshono wa kwapa na wa katikati ya suruali kwa vidole viwili. Ukiona nyuzi zinaachana na mwanga unapita, iache. Hapo ndipo patakapochanika, na mteja atairudisha ndani ya wiki.

Zipu. Ipandishe na kuishusha mara tatu. Ikikwama mara moja kati ya hizo, itakufa kwa mteja.

Mwanga. Inyanyue blauzi au gauni uelekee nje penye jua. Ukiuona mkono wako upande wa pili, hiyo si nguo ya ofisini isipokuwa ina bitana. Taa za dukani hazikuonyeshi jambo hili, na jua la Dodoma halifichi kitu.

Rangi. Lowesha kile kitambaa cheupe, sugua sehemu ya ndani ya pindo kwa nguvu. Nyekundu, nyeusi na bluu nzito ndizo zinazochuja zaidi. Kitambaa kikitoka na rangi, nguo hiyo itaharibu nguo nyingine za mteja kwenye beseni, na lawama itakuja kwako.

Mikunjo. Fumbata kitambaa kwenye ngumi, hesabu hadi kumi, achia. Kikibaki kimejikunja vibaya, ujue mteja ataamka kila asubuhi kupiga pasi. Atainunua mara moja tu.

Harufu. Nguo iliyokaa kwenye unyevu ina harufu ya ukungu. Pasi haiiondoi.

Kagua pisi mbili kutoka pakiti mbili tofauti, kisha chungulia zote zilizobaki uone kama rangi zinalingana. Pakiti mbili za "nyeusi" zinaweza kuwa nyeusi mbili tofauti, na suti ya vipande viwili ikitofautiana rangi haiuziki.

Muuzaji akinuna kwa sababu unakagua, mshukuru, ondoka. Wa jumla mzoefu hashangai mteja kukagua. Anajua huyo ndiye atakayerudi.

## Hatua ya 7: Saizi na rangi, mahali mtaji unapofia

Herufi iliyoandikwa kwenye lebo usiiamini. Nguo nyingi zinazotoka viwanda vya China zina L inayomkaa mtu wa M, na viwanda viwili havikubaliani. Ndiyo maana kuna tepu.

Kabla ya safari, pima nguo zako tatu dukani zinazowatosha wateja wako vizuri: kifua kutoka kwapa hadi kwapa, kiuno, hipsi, urefu. Andika kwenye karatasi. Kariakoo, tandaza nguo mezani, pima, linganisha. Kama XL ya pale ina kifua cha sentimita 48 kwa upande mmoja na wateja wako wa XL wanahitaji 54, basi kwako hiyo ni M. Ihesabu hivyo, au iache.

Pakiti za jumla mara nyingi huja na saizi zilizopangwa, na mpangilio huo haujui wateja wa Dodoma. Ukiuza kwa akina mama wa ofisini, S zitakubakia kila safari. Ukiuza kwa wanafunzi, XXL ndizo zitakazokaa. Kabla ya kulipa uliza: "Naweza kuchagua saizi?" Kama haiwezekani, hesabu bei upya. Dazani ya 168,000 yenye S tatu usizoweza kuuza ni pisi tisa, kila moja 18,667, wala si kumi na mbili za 14,000.

Nguo ya saizi moja kwa wote ipime kwa kuivuta. Mara nyingi inamtosha mwembamba vizuri na mnene kwa shida.

Kuhusu rangi, mazungumzo huwa hivi:

"Kaka, habari za kazi. Hili gauni dazani bei gani?"

"Nzuri, dada yangu. Dazani ni kumi na nne kila pisi. Ukichukua tatu, kumi na sita."

"Nikichukua sita za hili na sita za lile la mikono mirefu, unanifanyia bei ya dazani?"

"Sawa, changanya. Ila rangi nakupangia mimi."

Simama hapo. Rangi atakazokupangia zitakuwa na zile zilizomdodea yeye. Mjibu kwa upole, "Rangi nachagua mwenyewe, kaka, kama ni hivyo niongezee mia tano." Mia tano juu ya pisi inayotoka ni nafuu kuliko pisi mbili za rangi ya chungwa utakazokaa nazo hadi mwakani. Kwa nguo za kazini, robo tatu ziwe rangi tulivu: nyeusi, bluu ya bahari, kijivu, kahawia, maruni. Robo iliyobaki iwe ya kuvutia macho mlangoni.

Umefanya vizuri kama unaweza kuishika kila pisi na kusema itamkaa nani kati ya wateja wako.

## Hatua ya 8: Lipa kwa njia inayoacha alama

Lipa kwa Lipa Namba (namba ya duka ya kupokea malipo kwa simu) au benki, na kabla ya kubonyeza namba ya siri soma jina linalojitokeza. Lifanane na jina la duka au la mwenye duka aliye mbele yako. Jina geni likitokea, uliza kwanza. Makato ya kutoa na kutuma fedha yaandike kwenye gharama za safari. Watu huyasahau, na kwa mwaka yanakuwa fedha nzima.

Dai risiti ya mashine ya kodi (EFD) yenye TIN yako na kiasi halisi ulicholipa. Utasikia, "Bila risiti nakupunguzia." Usikubali. Sheria inamtaka mnunuzi kudai risiti. Mzigo usio na risiti unaweza kuzuiliwa na maofisa wa Mamlaka ya Mapato (TRA) njiani, na mwisho wa mwaka hutakuwa na cha kuonyesha kwamba ile 1,500,000 ilikuwa gharama yako. Risiti ikitoka, ipige picha hapohapo, maana maandishi ya karatasi hizo hufutika.

## Hatua ya 9: Funga na safirisha

Hesabu pisi mbele ya muuzaji. Tia nguo kwenye nailoni kwanza, ndipo uingize kwenye kiroba. Mvua na vumbi vya njiani haviulizi. Andika kwa maka peni jina, simu, DODOMA, na namba ya kiroba: 1/3, 2/3, 3/3. Piga picha vyote vitatu pamoja.

Peleka kwenye ofisi ya mizigo au basi lenye kaunta, upewe stakabadhi inayotaja idadi ya viroba. Mzigo uliokabidhiwa kwa kondakta bila karatasi ukipotea, huna pa kuanzia. Kama unarudi kwa treni na mzigo unakuja kwa basi, acha nguo kumi za mauzo ya haraka ubebe mwenyewe, ili kesho yake uwe na kitu kipya cha kuonyesha.

## Hatua ya 10: Pokea, pangia bei

Usiweke nguo kwenye henga siku ya kwanza. Hesabu ukilinganisha na risiti, kagua kila pisi, tenga mbovu na umtumie muuzaji picha siku hiyohiyo. Akisikia kwako baada ya wiki tatu, ana haki ya kukataa. Kisha piga pasi zote.

Sasa bei. Gauni limekufikia kwa 15,680, unaliuza 25,000, linabaki 9,320. Kama fremu, umeme na mhudumu vinakula 450,000 kwa mwezi, unahitaji kuuza karibu magauni 49 kama hilo kabla hujapata shilingi ya nyumbani. Jiulize kwa ukweli kama duka lako linauza 49. Kama haliuzi, ama bei iko chini, ama fremu ni ghali kuliko biashara yako.

Angalia pia athari ya kudoda. Magauni kumi yamekugharimu 156,800. Ukiuza manane kwa 25,000 na mawili kwa 15,000, umepata 230,000, faida 73,200. Ukiuza sita na manne yakadoda, umepata 150,000. Hata mtaji haujarudi, ingawa kila gauni ulilouza ulidhani umefaidi.

## Hatua ya 11: Ipe kila nguo siku zake

Andika tarehe ya kuingia nyuma ya lebo ya bei. Wiki ya pili, nguo isiyoguswa ihamishe mahali, iwe mbele au ivalishwe sanamu pamoja na kitu kinachotoka. Wiki ya nne, ipige picha upya, iweke kwenye stetasi ya WhatsApp, mtumie mteja mmoja mmoja unayejua ingemfaa. Siku ya 45, shusha bei. Shusha mara moja kwa kiasi kinachoonekana, kutoka 25,000 hadi 18,000. Elfu moja moja kila wiki inamfundisha mteja kusubiri.

Wenye maduka huumia hapa, wanaona wanatupa faida. Lakini 18,000 ikirudi mkononi leo inanunua gauni jingine litakalotoka wiki ijayo, na lile lililododa halinunui kitu.

Kila jioni, kwa kila gauni la 25,000 lililouzwa, ondoa 16,000 uiweke kwenye akaunti ya mzigo, tofauti na ya matumizi. Faida ni kinachobaki baada ya hapo, na kodi ya fremu inatoka humo. Ukifika wiki ya nne na akaunti hiyo ina karibu mtaji wote wa safari iliyopita, duka linatembea.

## Hatua ya 12: Ukishamjua muuzaji, agiza ukiwa Dodoma

Baada ya kununua kwa mtu ana kwa ana na mzigo ukawa sawa, huhitaji kusafiri kwa kila dazani. Zile 320,000 ulizotenga ndiyo kazi yake hii. Omba akupigie video, siyo picha. Aoneshe nguo ndani nje penye mwanga, aweke tepu juu ya kifua. Taja saizi na rangi kwa maandishi, na uandike mbadala: "Bluu ikikosekana niletee nyeusi, usilete kijani." Lipa kwa Lipa Namba ileile uliyolipa ulipokuwa pale. Akikutumia namba mpya kwa ujumbe, mpigie usikie sauti yake kwanza, kwa sababu simu za wafanyabiashara huibiwa.

Ukurasa wa mtandaoni unaouza jumla kwa bei ya chini kuliko Kariakoo nzima na kutaka malipo yote kabla, usiutumie fedha. Mwombe mwenye ukurasa akuelekeze duka lilipo, mtaa na ghorofa, umtume ndugu au rafiki aliye Dar es Salaam akaingie na kushika nguo. Kama duka lipo, atakuelekeza bila tabu, na oda ya kwanza iwe nusu dazani.